Marahaba Isiyoombwa

Enzi zetu kule Maguu, mtoto aliyempita mkubwa bila kumwamkia aliitiwa ukoo mzima. Siku hizi kijana anakuamkia macho yakiwa kwenye simu, nawe unashukuru! Lakini mimi na dada yangu Tekla tulikuwa na mtu mmoja tuliyemnyima shikamoo na hakuna aliyetugombeza: baba yetu mzazi.

Wazazi walipoachana, mama alirudi nasi kwao Maguu, mlimani, kwenye kahawa na ngoro, yale mashimo ya kuzuia udongo usiporomoke, ambayo kingo zake tulipanda mahindi. Baba akabaki Ngumbo, ziwani, akivua. Mama alikuwa na uchungu, nasi tuliula uchungu huo pamoja na ugali. "Baba yenu hawataki ninyi," alisema. Yeye ndiye aliyetupikia na kutuogesha, tungeachaje kumwamini?

Kila shule ilipofungwa, baba alipanda mlima na mfuko wa usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, harufu ikimtangulia uani. Sisi tuligeukia ukuta, kimya. Naye alivua kofia na kusema kwa furaha: "Marahaba, wanangu!"

Bibi, mama yake mama, alicheka hadi akashika mbavu. "We mkwe, nani kakuamkia?"

"Hakuna, mama. Najibu mapema, wasije wakaniamkia nikiwa sipo."

Kisha alichuma kahawa pamoja nasi, akiangusha nyingi kuliko alizochuma. Hakutuchimba habari za mama, wala hakumsema vibaya hata mara moja. Mama alikuwa jikoni, akisikia yote.

Likizo moja alipoingia uani, Tekla alikuwa anatua ndoo ya maji. Neno likamponyoka: "Shikamoo, baba."

Baba akafungua kinywa. Ile marahaba aliyoigawa bure miaka yote ikagoma kutoka. Alikaa chini, akalia.

Mama akatoka jikoni. Tukajua leo ni ugomvi. Akampa maji ya kunywa, akatugeukia: "Kafungeni nguo. Mtashuka naye."

Kesho yake niliona ziwa, nililoliacha nikiwa mchanga nisilikumbuke, bluu isiyo na mwisho. Hata hivyo, mpaka leo, kauli ile ya mama naiona kubwa kuliko ziwa.

Mzazi mwenzangu unayenyimwa salamu, usichoke kwenda, na usimseme mwenzako. Nawe uliyebaki na watoto, si lazima umsifu, waruhusu tu. Siku hizi tunazuia namba ya mzazi wa pili kwenye simu ya mtoto, salamu haziendi wala hazirudi. Huwa nawaza, baba angepitia wapi? Mlima wetu, pamoja na ukali wake wote, ulikuwa na njia.