Pole za Mstari Mmoja

Jovinary Lwakatare alipenda utaratibu kuliko watu, ingawa mwenyewe aliamini anawapenda watu, na ndiyo maana anawapangia utaratibu. Alikuwa karani katika kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, na kwa kuwa mwaka huo wa 1998 ni yeye tu ofisini aliyejua kompyuta, alijihesabu msomi. Kwa kompyuta hiyo aliendesha kundi la barua pepe la watu wa Kagera waliotawanyika duniani: mmoja akiandika, wote wanapata.

Kilichomkera ni pole. Mtu akifiwa au akiugua, kila mwanakundi aliandika pole yake, na laini ya simu ya ofisi, ambayo kompyuta ilipokelea barua, ikashinda imeshikwa. Basi akaipa kompyuta amri: ujumbe usiofika mistari kumi utupwe, na mwandishi wake ajibiwe papo hapo, "Fikiri kwanza, kisha andika. Lwakatare." Akajipongeza kwa soda.

Haukupita muda akateleza kwenye mafuta ya samaki, akavunjika mguu. Aliporudi kazini na magongo yake aliwaandikia wenzake habari yote kwa kirefu, pamoja na jinsi alivyovumilia. Kisha akasubiri. Kimya. Wiki ikakatika, kimya. Ilimuuma kuliko mguu. Hawa nao ndugu? Akaandika waraka mkali juu ya watu wanaosahau utu wakishaona theluji. Waraka ulikuwa mrefu, kwa hiyo ulipita bila shida.

Jioni Eugenia, mwalimu wa Mabatini na mwanakundi, alifika kwake Pasiansi na kikapu cha ndizi za kupika. Alikataa kiti.

"Pole, kaka Jovinary. Hii nimeileta mwenyewe, maana ile niliyokuandikia uliijibu vibaya."

"Nilijibu nini?"

"Kwamba nifikiri kwanza. Na wenzangu wote ukawaambia hivyo hivyo. Josephat wa Uswidi kasema basi, mguu huo ubaki wako mwenyewe."

Jovinary alitamani ardhi ipasuke immeze. Watu walimjali, naye aliwafukuza mlangoni mmoja mmoja, kwa sahihi yake. Asubuhi alijikongoja hadi ofisini, akaandika: "Ndugu zangu, nimewakosea. Nisameheni." Hakuwa na la kuongeza. Akatuma, akaegemea magongo.

Safari hii hakusubiri wiki. Jibu lilifika papo hapo, limetiwa sahihi na Lwakatare.