Brashi ya Mtihani wa Uchoraji

Oktoba 1984, asubuhi ya manyunyu, nilipanga foleni katika duka la vitabu mjini Musoma, nyuma ya mfugaji wa Mugeta na bintiye wa kidato cha nne.

"Brashi za kuchorea hamna, mzee. Zimebaki za kupaka ukuta," muuzaji alisema.

"Baba, mtihani wa uchoraji ni Jumatatu," binti alisema, machozi yakimlengalenga.

Mzee aliishika brashi ya ukuta, akazipapasa nywele za brashi hiyo. "Si kama za mkia tu? Nyumbani zipo, mama. Usilie."

Wiki iliyofuata nilimkuta mzee yule stendi ya Bunda, nikamuuliza habari za mtihani.

"Amechora! Nami nilikuwaga nasema kuchora si somo." Akacheka. "Ila ng'ombe sasa anashindwa kufukuza nzi."

Sisi wasomi tungeandika barua wizarani. Yeye ilimgharimu mkia mmoja.