Swichi ya Kiu

Mama Pacha, kama walivyomwita maabarani tangu ajifungue mapacha, alikuwa mtu wa kugombana na mimea. Aliisemesha, akaikemea, hata akatishia kuitupia mbuzi. Kazi yake ilikuwa kutafuta swichi: kipande kifupi cha DNA kinachokaa mbele ya jeni na kuiamuru iwake lini, izime lini, na katika sehemu ipi ya mmea. Hiki chake kilitakiwa kuiwasha jeni mizizini pale tu udongo unapokauka. Ili apate kuona, alikiunganisha na jeni ya rangi. Swichi ikiwaka, mzizi ukitiwa dawa hugeuka buluu.

Akainyima maji miche aliyoitia kipande hicho, akafunga mlango, akaenda kuuguza mapacha wake wiki nzima. Aliporudi aliikuta imestawi, haijasinyaa hata jani. Akamshukuru Mungu kwa kumpa mimea migumu, akatia mizizi michache dawa. Kesho yake ilikuwa myeupe pe.

Mkuu wa maabara alishasema kwamba jaribio hili likigoma, mradi unafungwa. Miaka yote ile, kazi bure. Akakaa kwenye ngazi akilia, wala hakujificha.

Mzee mlinzi, mwenye funguo za milango yote, akaja kumpa pole. Akamwambia asilie, maana miche ni mizima. Yeye mwenyewe aliionea huruma ilivyotelekezwa.

Mama Pacha akafuta machozi. "Mzee wangu, uliipa maji?"

"Kidogo kidogo tu, kila jioni. Kiumbe hai hanyimwi maji, mwanangu."

Alicheka mpaka akashika mbavu, mzee akadhani amerukwa na akili. Kumbe swichi haikuwa mbovu. Ilikuwa imezimika kwa sababu miche imeshiba. Akambembeleza mzee aizuie huruma yake, akaanza upya na miche iliyobaki. Safari hii majani yalilegea kweli, na mzee kila akipita mlangoni aliangalia pembeni.

Mizizi ikatoka buluu ya kukolea. Mkuu akaikagua, akasema mradi uendelee. Mama Pacha alishusha pumzi, mwili mzima ukawa mwepesi, akakimbilia getini na kichupa chenye mizizi mkononi.

Mzee akaitazama mizizi ile. "Kwa hiyo hivi ndivyo inavyolia kiu?"

"Ndivyo."

"Basi miche iliyobaki naweza kuipa maji?"

Mama Pacha akaenda kumjazia ndoo mwenyewe.