Mkono wa Bibi Haukuwa na Jini

Miezi michache iliyopita, kwenye kliniki moja hapa Dar, mtaalamu wa mazoezi alipiga makofi taratibu, na mume wangu, ambaye miguu yake ilikuwa imegoma mlangoni, akaanza kutembea. Waliokaa nasi kwenye benchi walifurahi. Mimi nilipandwa na hasira, na nikikusimulia utajua kwa nini.

Nimekulia Mchafukoge, kwenye nyumba yenye ua mpana na wapangaji wengi. Alfajiri niliamshwa na harufu ya iliki: bibi yangu anachoma vitumbua. Wenye maduka wa Kariakoo walivifuata vya moto kabla hawajafungua. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka hata ukiwa umepumzika mapajani. Hatua zikawa fupi, uso ukakakamaa kama wa mtu aliyenuna, na bibi yangu hakuwa mtu wa kununa.

Jirani wa chumba cha mbele akatoa hukumu. "Huyu ana jini, linataka ngoma." Akaitwa mganga, ubani ukafukizwa, ngoma zikapigwa palepale uani. Na bibi, aliyekuwa akiburuta miguu kwenda chooni, akainuka akatembea vizuri, akifuata mdundo. Vigelegele vikapigwa. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Ngoma iliponyamaza miguu ikaganda, wakasema jini limekasirika.

Tangu siku ile hakuna aliyenunua vitumbua vyake. Nani ale kilichopikwa na mkono wa jini? Bibi akajifungia chumbani. "Mjukuu wangu, nimemkosea nini Mungu?" aliniuliza.

Pale kliniki, daktari kijana alimweleza mume wangu kwa upole. "Mzee, huu ni ugonjwa wa Parkinson. Kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo imekupungukia. Dawa hazitauondoa ugonjwa, ila ukizimeza kwa saa zake utatembea vizuri zaidi. Na mdundo unaisaidia miguu kuanza."

Nikamuuliza dawa hizo zimeanza lini.

"Zamani sana, mama. Hata mimi nilikuwa sijazaliwa." Nikahesabu miaka: bibi yangu alikuwa bado hai.

Sasa mume wangu anafunga vifungo vyake mwenyewe na ameanza tena kunitania. Nyumba yetu ya Mchafukoge imevunjwa, pamesimama ghorofa, na wala siililii. Ninayemlilia ni mwanamke aliyewalisha mtaa mzima, akafa akijiona najisi kwa sababu ya mkono uliohitaji vidonge.