Mbuzi Karani na Wachoraji Walionyimwa Majina

Robota la viatu vya mitumba likifunguliwa, kinachotoka kwanza ni harufu: dawa ya nondo, ngozi iliyolala gizani muda mrefu, na karatasi kuukuu yenye unyevu wa nchi ya mbali. Mama yangu aliuza viatu hivyo Busia, upande wa Uganda, karibu na mahali malori yanapopanga foleni kungoja kibali cha forodha, nami nilikulia katikati ya marundo ya viatu vyeusi vya shule na buti za mvua. Watoto wengine walingoja robota wapate kiatu kinachowatosha. Mimi nilingoja kilichofutikwa ndani ya viatu. Waliovifunga huko Uingereza walivijaza karatasi visipoteze umbo, na mara nyingi karatasi hizo zilikuwa kurasa za magazeti ya vikatuni vya kuchekesha watoto, magazeti yaliyokuwa ya zamani hata siku zile. Nilizichomoa kwenye ncha za viatu zikiwa zimekunjamana kama majani ya tumbaku, nikazinyoosha kwa kiganja, na Mama akiwa na makaa ya kutosha aliniruhusu kuzipiga pasi.

Hadithi haikuwahi kutufikia nzima. Tulipata mwanzo bila mwisho, au mwisho wa jambo tusilolijua. Kulikuwa na mvulana aliyefuga bata bafuni akiwaficha wazazi wake, muuza samaki aliyefukuzwa na paka mji mzima, na mwalimu mkuu ambaye masharubu yake yalisimama wima kila alipokasirika. Kiingereza chetu kilikuwa kidogo na maneno ndani ya viputo yalitushinda, lakini picha zilijitosheleza. Theluji hatukuielewa, tulidhani ni unga umemwagika. Fimbo ya mwalimu tuliielewa bila tafsiri. Tulielewa pia njaa, kwa sababu kila mtoto katika kurasa zile alikuwa akiwinda chakula, na akikipata kilichorwa kikubwa kuliko kichwa chake. Hata leo nikimwona mtu mzima akidharau vikatuni, akiviita upuuzi wa watoto, damu inanichemka. Upuuzi huo ndio ulionifundisha kwamba mkubwa mwenye mamlaka anaweza kuchekwa, na jua likachomoza kesho yake kama kawaida.

Msimu ninaoukumbuka zaidi ni ule wa likizo ndefu Athieno alipovunjika mguu. Athieno ni binti wa dada yake mama, kwao ni Petta, huko Tororo, naye alimwita mama yangu mama mdogo. Alikuja kututembelea siku chache, akateleza kwenye mtaro nyuma ya soko, akapelekwa hospitali Masafu na kurudi na plasta kutoka kifundoni hadi gotini. Safari ya kwao ikaahirishwa. Mama alimkalisha kwenye kigoda kibandani, akampa kazi ya kuchomoa karatasi viatuni, na baada ya wiki moja Athieno alikuwa anaona katika karatasi zile mambo ambayo mimi, niliyezichezea miaka yote, sikuwahi kuyaona. Alinionyesha kwamba hazikuchorwa na mtu mmoja. Akazipanga mafungu. Huyu, alisema, ni Vidole, kwa sababu anachora vidole vinene kama ndizi. Huyu ni Vumbi, kila anayekimbia kwake anaacha wingu la vumbi. Na huyu hamalizi nyumba, anachora mlango na dirisha moja tu. Tukawapenda watu hao kama ndugu wanaofanya kazi ng'ambo, nasi tukalikagua kila robota kuona kama Vidole ametuletea kitu.

Ndipo Athieno alipouliza, "Sasa majina yao yako wapi?"

Tulitafuta. Bei ya gazeti ilikuwepo. Jina la kampuni lilikuwepo, na anwani yake, na tangazo la peremende. Jina la mchoraji halikuwepo popote. Mama alisema labda siku hizi huchora mashine.

"Mashine haichoki, mama mdogo," Athieno akamjibu. "Huyu hapa alikuwa amechoka. Angalia mkono wa huyu mtu wa mwisho, ameuchora mbiombio."

Siku nyingine aliniita, akaniwekea ukurasa mmoja kwenye mwanga. Chini kabisa, nyasi zilizochorwa chini ya miguu ya yule muuza samaki zilikatika ghafla, pakawa na doa jeupe, na pembeni ya doa kimebaki kijimkia cha herufi. Athieno aliligusa doa lile kwa kidole. "Aliandika," akasema. "Wamemfuta." Nilikuwa mtoto, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkasirikia mtu nisiyemjua kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba baadhi ya wachapishaji wa huko kweli waliwakataza wachoraji kutia saini, na aliyetia, saini yake ilipakwa rangi nyeupe, ili watoto walipende gazeti na wasimjue mtu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hawa hata hilo gae walinyang'anywa.

Athieno alianza kuchora kwa kalamu ya wino, kwenye plasta ya mguu wake mwenyewe. Alimchora mbuzi. Mbuzi huyo alivaa kofia ya forodha, akakaa nyuma ya meza mpakani, na kila mfanyabiashara aliyempa karatasi za mzigo aliziangalia kwa makini kisha akazila. Tulimwita Mbuzi Karani. Makuli walikuja kuutazama mguu wa Athieno, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akaja mwanamke mwenye kubadilisha fedha, wakaja madereva wa malori wenye usingizi machoni. Plasta ilipojaa, Mama alimnunulia karatasi, naye akatundika kurasa kwenye kamba ya kuning'inizia viatu, Mbuzi Karani akila hati, akivimbiwa, akipelekwa kwa daktari ambaye naye alitaka kuona karatasi zake. Mtu alikuja kununua raba, akaondoka hana raba ila anacheka, na Mama hakulalamika.

Katika waliokuja alikuwemo bwana mmoja mwenye mashine ya kuchapa mjini Tororo. Alinunulia wanawe viatu, akazisoma kurasa zote kwenye kamba, akamwomba Mama amwazime tatu akawaonyeshe watu wake. Alikuwa mstaarabu, alimwita Athieno "binti yangu". Mama akampa. Plasta ikatolewa, Athieno akarudi Petta akichechemea, shule zikafunguliwa. Mwaka ulipokaribia kwisha kalenda mpya zikatoka, na Mbuzi Karani alikuwa juu yake kwa rangi tatu, amekaa mezani na kofia yake, na hati ikining'inia mdomoni. Chini yake, kwa herufi kubwa, jina la bwana yule na mashine yake. La Athieno halikuwepo.

Mama alifunga kibanda siku ya soko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiugua. Tulipitia Petta kumchukua Athieno, tukaenda Tororo watatu. Bwana yule alitupokea vizuri, akatuletea soda. Alidhani tumekuja kwa malipo, akaanza kueleza gharama za wino.

"Mimi sikuja taka pesa," Mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Nakuja taka jina. Huyu mtoto anaitwa Athieno. Weka hapo chini ya mbuzi."

"Mama, kalenda zimeshachapwa."

"Basi za mwaka kesho."

Bwana akacheka kidogo, bila ubaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Mama yangu, mtoto akichora ni mchezo tu. Na watu hawanunui jina, wananunua mbuzi."

Athieno aliiweka soda yake mezani bila kuionja. Tukaondoka.

Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alichofanya ni hiki: kuanzia wiki ile, kila alipoingia mahali akaiona kalenda ukutani, na ilikuwa kila mahali, kwa kinyozi, kwenye banda la nyama ya nguruwe, katika ofisi za mawakala wa forodha, alisalimia kwanza kwa heshima, akaomba kalamu, akaandika chini ya mbuzi: Athieno wa Petta. Watu wengi walimwachia. Nilikuwa naye siku karani mmoja wa uwakala alipoinuka kitini.

"Mama, unaharibu kalenda ya ofisi."

"Siharibu, mwanangu. Namalizia. Huko Tororo walisahau."

Karani akasoma, akamtazama mbuzi, akakaa. Hata alipokwenda Masafu kumjulia hali jirani aliyelazwa, aliandika kwenye kalenda ya wodi huku muuguzi akimshikia kikapu. Mwaka uliofuata kalenda ilitoka na picha ya maua. Bwana yule aliona heri ampoteze mbuzi aliyechekesha mji mzima kuliko kuandika neno moja dogo. Baba yake Athieno naye akasema kuchora kumeleta fitina ya kutosha, mtoto ashike masomo.

Athieno sasa ni mama wa watu wazima, analima karanga na mtama kulekule Petta na kufundisha watoto kanisani. Siku moja nilimpigia simu nikiwa nimewaka hasira. Nilikuwa nimeona kwenye mtandao wazee wa Uingereza wakiyalilia magazeti yale ya utoto wao, wakiuziana kurasa, wakibishana ni nani alichora nini, wakikisia kwa vidole na kwa vumbi kama sisi tulivyokisia kibandani. Baadhi ya wachoraji wamepatikana majina. Vidole, nina hakika ni yeye, amepatikana.

"Yuko hai?" Athieno akauliza.

"Alikufa zamani, kabla watu hawajamjua."

Athieno akasema, "Wewe kasirika, Nekesa. Mimi nina karanga za kuvuna." Lakini hakukata simu haraka.

Mwaka huu kanisa lao lilimwomba achore bango la sikukuu ya mavuno. Alichora wanawake wakipeta mtama, na kuku, na watoto wanaokimbia, kazi ya kumfanya mtu asimame njiani. Nilikwenda kumsaidia, nikakuta kamati imekaa kupanga uchapishaji. Waliorodhesha yatakayoandikwa chini: jina la parokia, la mwenyekiti, la mfadhili wa turubai. Nikauliza na la mchoraji. Wakatazamana, si kwa chuki, bali kama watu walioulizwa jina la mvua. Mwenyekiti akasema, "Dada, sisi wote tunamjua." Athieno alinivuta gauni nikae. Sikukaa. Niliwaambia mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na kwamba mjukuu atakayeliona bango hilo hatakuwa amewahi kuwaona wao wala yeye, ila wao atawajua kwa sababu wameandikwa. Waliandika. Bango lilirudi na jina lake chini kulia, dogo lakini linasomeka, na watu walinipongeza kana kwamba nimeshinda kesi.

Nilitakiwa nifurahi. Utotoni mwetu aliyetunyima jina alikuwa mtu mmoja mwenye mashine, na tuliweza kumchukia. Leo kila mtu ana mashine mfukoni, simu yake, picha inavuka mpaka kabla mchoraji hajakauka mikono, na jina linakatwa pembeni na watu wema, wanaomjua, wanaompenda, wanaokula naye. Athieno alisimama mbele ya bango lake kwa muda mrefu siku ile ya mavuno. Nikamuuliza anaonaje. Akaniambia mkono wa mwanamke wa tatu ameukosea, angepewa wiki moja zaidi angeurekebisha.