Chumba Kisichopitisha Upepo

Walimwita Povu, na jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Kila alipofunga hita ya kuchemshia maji kwa gesi, hakuondoka kabla ya kupaka povu la sabuni kwenye maungio yote na kuyakodolea macho, maana gesi ikivuja, povu hufura. Wenye nyumba walimwuliza kama amekuja kufunga hita au kuiogesha.

"Nichekeni tu," aliwajibu, "lakini siondoki."

Ubishi wake ulikuwa wa aina yake. Hita bafuni hafungi, hata umpigie magoti. Aliifunga ukutani kwa nje, mtungi nje, bomba la moshi likitazama uwazi, na asiyetaka hivyo alibaki na hita yake. Kazi nyingi zilimponyoka kwa sababu hiyo, na mkewe alimsema mpaka akachoka mwenyewe.

Basi hebu fikiria alivyofunga ya mdogo wake wa damu! Aliiweka ukutani kwenye baraza ya nyuma, akapima na kupima tena. Mdogo mtu alikuwa seremala, hodari mno, wa kuunganisha mbao usione zilipokutana.

"Bomba la moshi lisiguswe," Povu alimwambia. "Na ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, nipigie simu."

"Nimekusikia, kaka."

Baadaye mama yao akahamia kwa seremala. Povu alikuwa na kazi mji wa mbali, na aliporudi tu akapitia kumsalimia. Ilikuwa mchana. Mdogo wake alimpokea mlangoni huku meno yote yako nje.

"Njoo uone nilichomfanyia mama!"

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kajipumzisha. Siku hizi analala fofofo."

Bafuni maji yalikuwa yakimwagika, mke wa seremala akioga na kujiimbia. Wakapita hadi nyuma. Baraza haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na chumba, kuta za mbao zilizopigwa randa zikang'aa, dirisha la kioo, kitanda, na mama amelala chali.

"Weka mkono hapa kwenye fremu," seremala alinong'ona. "Upepo hata wa dawa hupati."

Povu hakuweka mkono. Alikuwa akitazama juu ya kitanda. Hita yake ilikuwa palepale alipoifunga, sasa ndani ya kabati dogo la vanishi, ikinguruma kwa moto, maana maji ya bafuni yakifunguliwa ndiyo huiwasha. Bomba la moshi lilichomoza juu ya kabati, limepakwa rangi nyeupe lifanane na dari. Lilikuwa linapumulia chumbani.

Alimgeukia mdogo wake.

"Umejenga chumba kwenye bomba la moshi?"

"Sijaligusa, kaka! Si ulisema lisiguswe? Nimelizungushia tu."

Jamani! Mtu mzima, fundi wa kusifika, anasema hivyo na uso mkunjufu.

"Shemeji, funga maji!" Povu alipiga ukelele uliomkatisha shemeji yake wimbo. "Funga maji!"

Alimzoa mama yake kitandani. Kichwa cha bibi wa watu kikaning'inia mkononi mwake. Akamtoa uani, akamlaza chini, akamwita, akampigapiga mashavu. Seremala alisimama kando.

"Lakini hakuna harufu, kaka! Mimi sijasikia harufu yoyote!"

Maneno hayo yalimchoma Povu kuliko kitu kingine chochote. Ni kweli, hewa ya sumu itokayo kwenye gesi inayoungua haina harufu. Povu la sabuni haliioni, pua haiisikii. Yeye alimwambia mdogo wake ategemee pua, na hayo mengine hakuyasema, kwa kuwa bomba lilikuwa kwenye uwazi. Nani angedhani mtu atauzungushia uwazi mbao?

Mama akavuta pumzi, nyembamba, kisha nyingine. Jirani akatoa gari.

Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni, na daktari akawaambia bila kuzunguka kwamba wangechelewa kidogo tu wangemkosa. Mama alipofumbua macho aliwakuta wanawe wawili, mdogo analia, mkubwa hataki kumtazama mwenzake. Akakisogeza kile kifuniko cha oksijeni puani.

"Usimgombeze mdogo wako."

"Mama, kile chumba..."

"Kizuri. Tangu baba yenu atutoke, usingizi nilikuwa nausikia kwa watu. Humo nikiweka kichwa tu, nimeshapotea. Naamka kichwa kinanigonga, nasema uzee huo. Lakini usingizi! Nikajua ndiyo raha ya kukaa kwa mwanangu."

Seremala alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Nitarudi lini chumbani kwangu?" mama akauliza.

Povu alimshika mkono, akamrudishia kile kifuniko puani.