Nahodha Asiye na Video

Kila kijana wa Kitanzania anayetua Guangzhou, China, wiki ya kwanza tu ameshafika soko la Zhanxi kutafuta kofia ya besiboli. Atabishana na muuzaji mpaka aambiwe "meiyou", hakuna cha kupunguza, na bado atainunua. Muulize mchezo wenyewe unachezwaje, atakukodolea macho. Inakera!

Dismas anazinunua kofia hizo kwa jumla na kuzisafirisha Moshi. Wateja wake hawajui kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mdakaji wa timu ya taifa ya besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira inayokuja kama jiwe la manati. Miaka saba kati ya hiyo alikuwa nahodha, na mara mbili alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya kanda. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilivunjika vikaunga upande. Gazeti gani lilimwandika? Hakuna. Yeye na wenzake walipoleta kombe nyumbani, waliowapokea uwanja wa ndege ni mkewe Bertila na dereva wa basi.

Mwaka huu jumuiya ya wanafunzi ilitangaza kuwa kwenye sherehe ya Muungano itamtunuku ngao Mtanzania wa Guangzhou aliyeichezea timu ya taifa. Dismas si mtu wa kujipigia debe, lakini hii aliitaka kwa moyo wote. Alimfuata mwenyekiti wao, Rodgers, pale kwenye jengo la maduka la Tianxiu Dasha, akajieleza.

"Besiboli?" Rodgers akacheka. "Si ile ya kwenye muvi, bro? Video unayo?"

"Nani angeturekodi?"

"Basi hapo ngumu, kaka. Ila tusaidie kofia za wageni."

Dismas alitoka pale amefura. Kwa hiyo kamera isipokuwepo, mtu hakucheza? Hata hivyo alitoa katoni mbili za kofia, kwa kuwa Bertila alimwambia wakishazivaa huenda wakaona aibu.

Aibu hawakuiona. Siku ya sherehe ukumbi mzima ulivaa kofia zake, na ngao akapewa Humphrey, mwanafunzi wa uhandisi aliyetajwa kama mwanasoka wa taifa.

"Sasa namwomba mdhamini wetu, mpenzi wa michezo, Dismas, amkabidhi," Rodgers akasema kwenye maikrofoni.

Mpenzi wa michezo! Mtu kavunja vidole kwa ajili ya nchi, anaitwa mpenzi, kama jamaa wa kutazama mpira kwenye kibanda umiza!

Dismas akapanda jukwaani, akaishika ngao, akaisogelea maikrofoni.

"Humphrey, mdogo wangu, jezi ya taifa uliivaa mechi gani?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Humphrey akainamisha kichwa.

"Niliitwa kambini tu, kaka. Sikucheza. Niliwaambia, wakasema inatosha."

Kicheko kikakatika. Rodgers akasogea haraka, akamshika Dismas begani na kumnong'oneza, "Bro, usituharibie shughuli. Mpe tu, tupige picha."

Dismas akautoa mkono wa Rodgers begani. Akamsukumia ngao kifuani.

"Mpe wewe. Mimi nilikuwa nahodha wa taifa miaka saba, na kwa mkono huu sitagawa uongo."

Akashuka. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyemzuia. Bertila alikuwa ameshafika mlangoni, viatu vya kisigino mkononi, anamsubiri waondoke.